Uzi: Mtoto aliyezaliwa siku 285 baada ya mchimba makaa kufa. Baba yake ni nani?

#1 Mleta mada

Ndugu zangu wa jukwaa la nasaba, nawasalimu. Naomba mnivumilie kwa urefu, kwa kuwa jambo lenyewe halielezeki kwa mistari miwili.

Nimeolewa kaskazini mashariki mwa Uingereza, katika familia ya wachimba makaa ya mawe wa Durham. Mama mkwe wangu anakaribia miaka themanini. Mwaka juzi alinikabidhi sanduku la bati lenye karatasi za ukoo, akaniambia kwamba mimi ndiye niliyezaliwa mahali ambapo watu hujali mambo haya. Ni kweli: kwetu Tanga mtu huitwa fulani bin fulani, na asiyejua baba wa babu yake huonekana kama aliyepoteza nusu ya jina. Yeye anataka kumjua baba wa babu wa baba yake kabla hajafumba macho, nami nimempa ahadi.

Sitataja majina, kwa sababu wazao wako hai. Nitawaita wahusika kwa nafasi zao: Marehemu, Mjane, Mpangaji na Mtoto.

Sensa ya 1861 inamwonyesha Marehemu, mkata makaa, akiishi na mkewe na mabinti wawili wadogo katika nyumba ya mgodi. Humo humo wamo wapangaji wawili, ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, mmoja ana miaka 24 na mwingine 19, wote wazaliwa wa Weardale, bonde la magharibi mwa Durham kulikochimbwa madini ya risasi. Mwaka 1864 jiwe la dari la mgodi lilimwangukia Marehemu akafa. Mtoto alizaliwa mapema 1865. Nimehesabu mara nyingi na kila mara napata siku 285 tangu siku ya kifo. Mwaka 1866 Mjane akaolewa na mkubwa kati ya wale wapangaji wawili, ambaye ndiye ninayemwita Mpangaji.

Sasa tazameni hati zinavyopingana. Cheti cha kuzaliwa kinamtaja Marehemu kuwa baba, na kando ya jina lake msajili ameandika kwamba amekwisha fariki. Aliyetoa habari ni mama mwenyewe, na mahali pa sahihi pana alama ya msalaba, mstari mmoja mzito na mwingine uliopinda mwishoni kana kwamba kalamu ilimtoka mkononi. Sensa ya 1871 inamwita Mtoto kwa jina la ukoo la Mpangaji na kumwandika kuwa mwanawe. Sensa ya 1881 inamrudishia jina la Marehemu, na kwenye safu ya uhusiano inamwita mkwe wa Mpangaji, ingawa ni kijana wa miaka 16 asiye na mke. Alipooa mwaka 1888 alitumia jina la ukoo la Marehemu, lakini palipotakiwa jina la baba akamtaja Mpangaji, na sahihi aliitia kwa mkono wake mwenyewe.

Hati nne, na akina baba wawili wanapokezana. Ninyi mngeanzia wapi?

#2

Dada yangu, mimi naona umekwisha fika. Wazee wetu walisema kitanda hakizai haramu, na sheria ya Uingereza ya wakati ule ilishika msingi huo huo: mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa, au baada ya kifo cha mume katika muda ambao mimba yaweza kuwa yake, huhesabiwa kuwa wa mume mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Hawakuweka hesabu ya siku iliyokatwa. Mimba kwa kawaida huchukua takribani siku 266 tangu kutungwa, lakini zipo zinazochelewa, hivyo siku 285 ni nyingi bila kuwa muhali. Cheti kinamtaja Marehemu, mama mwenyewe ndiye aliyesema, na mama ndiye anayejua. Hizo sensa za baadaye ni maandishi ya makarani waliokuwa wakipita mlango kwa mlango. Usizipe uzito kuliko cheti.

#3

Nimefanya kazi za kumbukumbu kwa miaka mingi, na ninaheshimu hoja ya ndugu wa #2, ila sikubaliani naye juu ya cheti. Kila hati, kabla hujaipima uzito, iulize swali moja: nani alimwambia karani, na alikuwa na haja gani siku ile? Hakuna hata mmoja kati ya makarani wako wanne aliyeshuhudia mimba ikitungwa. Wote waliandika walichoambiwa.

Tuanze na cheti. Usajili wa serikali wa vizazi ulianza Uingereza na Wales tarehe 1 Julai 1837. Sheria ya 1874, iliyoanza kutumika Januari 1875, ndiyo iliyotamka wazi kwamba baba wa mtoto wa nje ya ndoa haandikwi isipokuwa aje mwenyewe pamoja na mama, waombe kwa pamoja, naye atie sahihi. Mtoto wenu alizaliwa miaka kumi kabla ya hapo. Mama alifika kwa msajili akasema ni mjane wa fulani. Msajili hakudai cheti cha ndoa wala hakuhesabu siku kwa vidole. Aliandika.

Haja yake ilikuwa nini? Hapa ndipo ninapotaka msome polepole. Mjane wa mchimbaji mwenye mabinti wawili wasioweza kufanya kazi alikuwa na vitu viwili vya kumshikilia: nyumba na posho ya maskini. Nyumba ilikuwa ya mgodi. Ilitolewa kwa sababu mwanamume wa humo anakata makaa, na mwanamume huyo akifa, nyumba ilitakiwa kwa mkataji mwingine. Kuwa na mpangaji anayefanya kazi mgodini hapo hapo kulikuwa njia ya kubaki chini ya paa lile lile. Posho ilitolewa na bodi ya walezi wa maskini ya wilaya. Amri kuu ya Desemba 1844 ilizuia watu wenye uwezo wa kufanya kazi kupewa msaada nje ya nyumba ya maskini, yaani makao ya umma ya wasio na kitu, ila ikaweka orodha ya wanaosamehewa. Mmoja wao ni mjane mwenye mtoto wa halali anayemtegemea, kwa sharti kwamba hajazaa mtoto wa nje ya ndoa tangu alipofiwa na mumewe.

Rudieni kulisoma sharti hilo. Katika wilaya zilizofuata amri hiyo, mtoto mmoja akiandikwa kuwa hana baba, mabinti wawili wa halali wangeweza kukosa mkate, na mama akaambiwa aingie nao nyumba ya maskini. Mwanamke aliyekuwa hajui kuandika jina lake huenda alilijua sharti hilo vizuri kuliko wakili. Sisemi alidanganya. Nasema kwamba, hata kama angejua kwa yakini kuwa mtoto ni wa mpangaji, alikuwa na kila sababu ya kumtaja mumewe. Kwa hiyo cheti hakikuambii lolote kuhusu damu. Kinakuambia alivyolinda nyumba yake.

Sensa ya 1871 ilijazwa kwenye fomu iliyoachwa nyumbani, na mkuu wa kaya ndiye aliyetakiwa kuijaza au kumsimulia karani. Aliyesema "huyu ni mwanangu" ni Mpangaji. Yaweza kuwa damu, yaweza kuwa upendo, yaweza pia kuwa karani aliyeona mtoto wa miaka sita mezani na kuwapa wote jina moja. Mwaka 1881 mtu fulani alitaka kuwa sahihi zaidi. Hilo neno "mkwe" lisikutishe: Waingereza wa karne ile walilitumia pia kwa mtoto wa kambo. Maana yake ni kwamba siku ile nyumba ilitamka kwamba kijana hakuzaliwa ndani ya ndoa ya Mpangaji.

Hati ya ndoa ya 1888 ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu msemaji ni Mtoto mwenyewe, mtu mzima wa miaka 23. Hata hivyo naye alisimulia alichosimuliwa. Wengi waliolelewa na baba wa kambo walimtaja yeye, kwa kuwa ndiye baba waliyemjua. Ajabu yake ni kwamba aliweka jina la ukoo la mmoja na la baba wa mwingine katika mstari uleule, bila kujaribu kuyapatanisha. Anayeficha jambo hutafuta kulinganisha majina. Huyu hakuona cha kuficha.

#4

Samahani wakubwa. Mimi ni mzee kidogo na jambo hili linanikera. Mama huyo alifiwa, akalea, akafa. Leo sisi tunahesabu siku za mimba yake mbele za watu. Mna faida gani?

#5 Mleta mada

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako nimejiuliza mwenyewe usiku mwingi. Jibu langu ni kwamba simtafuti mama huyu kumhukumu. Kabla ya kusoma #3 nilikuwa nimemwazia vibaya kidogo, nakiri, kwa sababu niliona mwanamke aliyeolewa na mpangaji wake ndani ya miaka miwili. Sasa naona mtu aliyesimama mbele ya msajili akiwa na mabinti wawili nyuma ya sketi yake. Nisingemwona hivyo bila kuhesabu zile siku.

#6

Naunga mkono kuhusu haraka ya kuolewa. Msiwapime wajane wa migodini kwa kipimo cha mijini. Januari 1862, katika mgodi wa Hartley huko Northumberland, boriti ya injini ya pampu ilikatika ikaangukia ndani ya shimo pekee la kuingilia, na wanaume na wavulana 204 wakafa humo. Kijiji kimoja kilibaki na wanawake karibu peke yao. Katika mgodi wa Seaham, mwaka 1880, walikufa 164. Na wengi zaidi walikufa mmoja mmoja kama Marehemu wenu, bila mfuko wa michango wa taifa wala makala gazetini. Mjane kuolewa na mfanyakazi mwenzake mumewe ndani ya mwaka mmoja au miwili lilikuwa jambo la kawaida, na ndiyo sababu watoto wa wachimbaji hubadilika majina kati ya sensa na sensa hadi mtafiti anachanganyikiwa.

Jambo jingine la kwenu Durham: hadi 1872 wachimbaji wa huko walifungwa kwa mkataba wa kazi ambao kwa miaka mingi ulikuwa wa mwaka mzima, na muda wake ulipokwisha majira ya Aprili familia nyingi zilipakia vyombo kwenye mkokoteni na kuhamia mgodi mwingine. Kwa hiyo usishangae watoto watano wa nyumba moja kuzaliwa katika vijiji vitano. Na usidhani kwamba wapangaji wa 1861 walikuwa bado wamo mwaka 1864, mpaka uone ushahidi.

Ningependa pia kuonya kuhusu majina ya baba yanayotajwa kwa uvumi. Mfano unaojulikana ni wa Mary Ann Cotton, binti wa mchimba makaa wa Durham ambaye baba yake alikufa kwa kuanguka ndani ya shimo la mgodi wa Murton akiwa yeye bado mtoto. Alinyongwa katika gereza la Durham Machi 1873 kwa kumuua kwa sumu mtoto wa kambo, na wiki chache kabla alikuwa amezaa binti humo gerezani. Baba wa binti huyo alitajwa kuwa afisa wa ushuru wa pombe aitwaye John Quick-Manning, na jina hilo likarudiwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Waliolitafuta katika sensa hawakumpata mtu wa jina hilo. Waliyempata ni afisa wa ushuru aliyeitwa Richard Quick Mann, na sasa inadhaniwa kwamba huenda ndiye. Tazameni: kesi iliyoandikwa na kila gazeti, na bado jina la baba lilipotoka njiani. Sembuse familia ambayo hakuna aliyeiandika.

#7

Nimefuatilia kimya, naona sasa ni zamu ya vinasaba (DNA). Mleta mada, kabla hujatumia fedha, nikuonyeshe mitego mitatu, kwa sababu kesi yako inayo yote.

Mtego wa kwanza ni wazao wa ndoa ya pili. Bila shaka Mjane na Mpangaji walizaa. Ukipima mtu wa kwenu akalingana na wazao wao, utafurahi bure, kwa sababu wote mnatoka kwa Mjane hata kama baba ni tofauti. Unachoweza kupima ni kiasi tu. Wajukuu wa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja hushiriki kwa wastani sentimogani 229, kipimo cha kiasi cha vinasaba ambavyo watu wawili wanashiriki. Wajukuu wa ndugu wa mama mmoja tu, takribani 120. Wastani hizo zinadanganya, maana viwango vyenyewe hutawanyika sana na kuingiliana, hivyo mtu mwenye 150 anaweza kuwa upande wowote. Unachokihitaji ni ulinganifu na jamaa wa Mpangaji ambao hawatoki kabisa kwa Mjane, kwa mfano wazao wa shangazi yake waliobaki Weardale.

Mtego wa pili ni ndugu wawili. Vinasaba vinaweza kukuambia kwamba baba ni wa ukoo wa wapangaji, lakini kuchagua kati ya ndugu wawili wa tumbo moja, kwa umbali wa vizazi hivi, ni kazi ambayo maabara haiwezi kukuhakikishia. Wewe umemwita mkubwa "Mpangaji" tangu post ya kwanza, kana kwamba mdogo hakuwemo. Alikuwemo.

Mtego wa tatu ni kromosomu Y. Hiyo hutoka kwa baba kwenda kwa mwana bila kuchanganyika, kwa hiyo mwanamume wa mstari wa kiume kutoka kwa Mtoto ataonyesha kama ni wa ukoo wa Marehemu au la. Lakini asipolingana na mzao wa ndugu yake Marehemu, usipige kelele bado. Mstari unaweza kuwa umekatika kizazi chochote kati ya hapo na leo, upande wako au upande wao. Pima wanaume wawili kila upande, wa matawi tofauti.

Na mpime aliye mzee kuliko wote. Kila kizazi kinachopita kinapunguza nusu ya ulichotaka kukisoma.

#8

Swali dogo kwa #3. Je, mama hangeweza kumpeleka mpangaji mahakamani adai matunzo? Naona ingeacha maandishi.

#9 (yule wa #3)

Angeweza. Tangu 1844 mwanamke aliyezaa nje ya ndoa aliruhusiwa kumshtaki mwanamume mbele ya mahakimu wa wilaya, na wakimwamini kwa ushahidi unaounga mkono maneno yake, waliweza kuamuru alipwe hadi shilingi mbili na peni sita kwa wiki. Mwaka 1872 kiwango cha juu kikapandishwa hadi shilingi tano. Ila fikiri: angeshtaki, angekuwa ametamka hadharani kwamba mtoto si wa Marehemu, na lile sharti la posho lingemnasa. Tena mwanamume mwenyewe alikuwa akila chakula mezani kwake. Magazeti ya wilaya yatafutwe, hayagharimu kitu kuyatazama, lakini sitegemei kukuta jambo.

Ningetafuta zaidi madaftari ya ubatizo. Fomu iliyochapishwa ya Kanisa la Uingereza tangu 1813 ina safu ya mahali wanapoishi wazazi na safu ya kazi ya baba. Mtafute yule ndugu mdogo. Akioa na kubatiza watoto, safu ya makazi itakuambia alikuwa kijiji gani mwaka gani.

#10 Mleta mada

Nimerudi baada ya miezi minane, na nawaomba radhi kwa ukimya. Majibu ya maabara huja taratibu.

Mama mkwe wangu ana baba mdogo aliye hai, mwenye miaka tisini na zaidi, aliyeshuka mgodini akiwa na miaka kumi na minne. Yeye ni mjukuu wa Mtoto kwa mstari wa kiume mtupu, kwa hiyo mwili mmoja ulitupatia vipimo vyote viwili, kile cha kromosomu Y na kile cha sentimogani. Tulikaa naye jikoni kwake. Kichupa kinataka mate hadi mstari uliochorwa, na mzee kinywa chake ni kikavu kwa sababu ya dawa anazokunywa. Ilitubidi kusubiri karibu saa nzima, akijisugua mashavu kwa vidole vyenye makovu madogo ya rangi ya buluu, vumbi la makaa lililobaki chini ya ngozi palipopona. Alipomaliza aliinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha, akauliza kama mate yale yanatosha kumpata mtu aliyekufa miaka mia na zaidi. Nikamwambia tutaona.

Kwa kufuata ushauri wa #7 tulimtafuta pia mwanamume wa tawi jingine la Mtoto, na wanaume wawili waliotoka kwa ndugu wawili tofauti wa Marehemu. Wote walikubali, Mungu awabariki. Tulipima alama 37 za kromosomu Y. Baba mdogo na mwenzake wa tawi la pili wanalingana. Wale wawili wa upande wa Marehemu wanalingana wao kwa wao. Lakini pande hizo mbili hazikaribiani kabisa, hivyo mstari ulikatika kwa Mtoto mwenyewe na si baadaye. Katika hifadhi ya maabara, anayemkaribia baba mdogo kuliko wote ni mtu wa Australia, alama 36 kati ya 37, na jina lake la ukoo ni lile la wapangaji wa Weardale. Kwa kipimo cha sentimogani pia baba mdogo amelingana na watu watatu wanaotoka kwa shangazi wa wale ndugu, ambao sijaona njia yoyote inayowaunganisha na Mjane.

Kwa hiyo Marehemu si baba kwa damu. Nimeiandika sentensi hii na kuifuta mara kadhaa.

Kuhusu ndugu wawili, nilipitia madaftari ya ubatizo kama nilivyoelekezwa. Yule mdogo alioa mwaka 1863, na mtoto wake wa kwanza alibatizwa majira ya joto ya 1864, mwezi mmoja na nusu baada ya Marehemu kufa, katika parokia iliyo upande wa pili wa Durham, na safu ya makazi inataja mgodi wa huko. Mwaka uliofuata alibatiza tena, makazi yaleyale. Kaka yake simwoni popote pengine hadi siku anapomwoa Mjane, na katika hati hiyo ya ndoa anwani yao ni moja.

#11 (yule wa #7)

Umefanya kazi safi sana. Ila nikubane kwa upendo: umbali wa upande wa pili wa Durham ni safari ya treni ya asubuhi moja. Makazi hayakatazi ziara. Unaweza kusema ni mkubwa kwa uwezekano mkubwa zaidi. Usiandike kwamba imethibitishwa.

#12 Mleta mada

Nakubali, na ndivyo nilivyoandika. Katika mti wa ukoo sasa Mtoto ana mistari miwili juu yake. Mmoja unakwenda kwa Marehemu, na pembeni nimeandika: baba kwa sheria, kwa cheti na kwa jina. Wa pili unakwenda kwa wazazi wa wale ndugu wawili wa Weardale, sio kwa mmoja wao, na pembeni nimeandika: baba kwa damu ni mmoja wa hawa, kuna uwezekano mkubwa kuwa ni mkubwa, kwa sababu zifuatazo. Na sababu zote nimeziorodhesha, pamoja na ile hoja ya treni, ili atakayekuja baada yangu asilazimike kuniamini.

#4 aliniuliza faida. Nilipomsomea mama mkwe haya yote alinyamaza kwa muda, kisha akataka nimrudie ile sehemu ya posho na mabinti wawili. Nikamrudia. Hakuuliza lolote kuhusu Mpangaji. Aliuliza kama kaburi la Marehemu lina jiwe, kwa sababu, alisema, jina lake ndilo alilozaliwa nalo yeye, na baba yake, na babu yake, na mtu huyo hajawahi kupelekewa hata ua moja na yeyote kati yao.

Daftari la maziko lina jina, umri na kijiji tu. Kama kuna mdau anayejua jinsi ya kusoma ramani za zamani za makaburi ya parokia za Durham, hasa pale ambapo kanisa lilipanuliwa baadaye, naomba aniandikie hapa. Mama mkwe anataka twende kabla baridi haijaanza.